Kitu na Jina Lake: Mashine ya Kuvulia

Katika toleo lililopita safu hii ilizungumzia mbuzi ya nazi, na baadhi yenu mkatukumbusha kwamba kwenu huitwa kibao cha nazi. Tunashukuru. Ndiyo kazi ya safu hii: tunachukua kitu kimoja cha kushikika, tunatafuta majina yake, tunaeleza kinavyotumika. Safari hii tumeleta kitu ambacho wengi wetu hatukuwa na maneno yake kabisa, na kwa kukosa maneno tulimtia mzee wetu hasara. Hasara hiyo tutaieleza hapa bila kuificha, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha.

Mjomba na kidole chake

Mmoja wetu ana mjomba aliyezaliwa Baraka, upande wa Fizi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Tangu utoto alivua kwa mshipi wa mkono, bila fimbo: mshipi umezungushiwa kipande cha ubao, mwishoni pana chubwi na ndoana, na kidole cha shahada kinasikiliza. Hapa Durban analinda magari usiku. Siku yake ya mapumziko hupanda teksi mbili (msomaji wa Nairobi aseme matatu, wa Dar es Salaam aseme daladala) kutoka kwetu Cato Manor hadi Blue Lagoon, pale mto uMngeni unapoingia baharini. Samaki anaowapata si wa mchezo. Ni kitoweo cha nyumba ya watu sita.

Mapema mwaka huu samaki mmoja alikimbia na mshipi ukamkata kidole kile kile cha shahada, mkono wa kulia, hadi kwenye kano. Kilishonwa, lakini hakikunji tena kama zamani. Mshipi wa mkono ukamshinda. Akaamua kununua fimbo na mashine kama wavuvi wengine wa pale mtoni. Fimbo alipewa na jirani. Ya mashine aliweka akiba randi 900 kwa miezi mitatu.

Sasa tatizo. Mjomba anasema Kibembe, Kiswahili cha Fizi na Kifaransa kidogo. Wauzaji wa vifaa vya uvuvi wanasema Kiingereza. Katikati tukakaa sisi, wanafunzi wa chuo kikuu, tuliozaliwa au kukulia hapa, tunaojua Kiswahili cha jikoni na cha darasani. Tukajitolea kuwa wakalimani, tena kwa majivuno kidogo.

Jina lenyewe

Wavuvi wa Durban huiita grainda, kwa sababu mkono wake unazungushwa kama wa kile kinu kidogo cha kusagia kahawa. Mjomba anaiita mashini. Mwenzetu mwenye ndugu Mombasa anasema kwao amesikia rili. Sisi tumechagua mashine ya kuvulia, kwa kuwa hata bibi asiyewahi kuiona ataelewa ni kitu cha nini.

Inavyofanya kazi ni hivi. Chukua kidonge cha uzi wa kushonea, kisimamishe mezani, kisha uvute uzi kwa juu. Uzi utatoka mzunguko kwa mzunguko, lakini kidonge kitabaki kimesimama. Ndivyo ilivyo mashine hii: unaporusha, bobini haizunguki, mshipi unajifungua kupitia ukingo wake. Unapokunja, ni kichwa cha mashine kinachozunguka kuizunguka bobini na kuuvika mshipi upya. Aliyepata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1905 alikuwa Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya nguo kule Bradford, Uingereza. Haishangazi: mtu aliyeshinda kutwa akitazama nyuzi zikitoka kwenye bobini.

Iko tofauti na Scarborough, lile gurudumu pana ambalo wavuvi wengi wa KwaZulu-Natal wanalipenda mpaka leo. Gurudumu lile huzunguka lenyewe mshipi unapotoka, na anayeanza kujifunza akichelewa kulizuia kwa kiganja, mshipi unakuwa kiota cha ndege. Grainda inamsamehe zaidi mgeni. Kwa mtu mwenye kidole kibovu ilikuwa ndiyo.

Dukani

Kabla ya kwenda tulisoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyaangalia. Nanyi yaangalieni.

Kwanza ukubwa. Mashine hizi huandikwa namba: 1000, 2500, 4000, 6000 na kuendelea. Namba hiyo si kilo wala mita, ni daraja la ukubwa tu, na daraja la kampuni moja halilingani sawasawa na la nyingine. Kwa mdomo wa mto kama Blue Lagoon, 4000 inatosha. Kwa kurusha chubwi zito juu ya mawimbi ya bahari wazi, watu huchukua 6000 hadi 8000. Ukubwa uendane na fimbo: ukiunganisha viwili hivyo na kuvishika, visikuelemee mbele wala nyuma.

Pili ulaini. Zungusha mkono taratibu huku umefumba macho. Usikie kama maji, usisikie mchanga. Kisha shika mkono na uutikise mbele na nyuma: ukicheza sana, gia zake hazijakaa vizuri. Usidanganywe na idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi. Beringi nne nzuri zinashinda kumi mbovu, hasa mahali penye chumvi.

Tatu waya unaofunguka, ule upinde unaoulaza nyuma kabla ya kurusha. Ufungue na kuufunga mara kumi. Ukilegea dukani, mtoni utajifunga katikati ya mrusho na chubwi lako litakatika liende zake. Mwisho wa upinde huo pana kigurudumu kidogo ambamo mshipi hupita. Lazima kizunguke. Kikikwama, mshipi utakuwa unasuguliwa mahali pamoja hadi uishe nguvu.

Nne ukingo wa bobini. Pitisha pamba taratibu kuuzunguka. Pamba ikinasa, pana mkwaruzo, na mkwaruzo huo utakata mshipi.

Tano upande wa mkono. Hapa mjomba alitufurahisha. Mashine ya kwenye kioo ilikuwa na mkono wa kushoto, yaani unashika fimbo kwa kulia na kidole cha shahada cha kulia ndicho kinachoushikilia mshipi unaporusha. Mjomba akatuonyesha kidole chake, hakusema kitu. Muuzaji akafungua kifuniko cha upande, akautoa mkono na kuuhamishia kulia. Karibu mashine zote za aina hii zinakubali kuhamishwa. Sasa fimbo inakaa mkono wa kushoto, kidole kizima kinashika mshipi, na mkono wa kulia unazungusha tu.

Sita gia. Ukiona imeandikwa 5.2:1, maana yake ukizungusha mkono mara moja, kichwa cha mashine kinazunguka mara 5.2. Namba kubwa inakunja haraka, namba ndogo ina nguvu zaidi. Kwa matumizi ya kawaida, tano na kitu inafaa.

Saba ni kifundo kilichopo mbele ya bobini. Hapa ndipo tulipoharibu.

Muuzaji alikishika, akakizungusha kidogo, akataja neno lake kwa Kiingereza. Neno hilo katika Kiingereza cha kila siku ni kukokota. Hatukuuliza zaidi. Tukamgeukia mjomba, tukamwambia: “Hiki ni cha kukokotea, mjomba. Ukikaza, kinakokota zaidi.” Mjomba akaitikia kwa kichwa. Muuzaji akaona tumeeleza, mjomba akaona ameelewa, sisi tukaona tumefaulu. Mashine ikafungwa, randi 650, na mshipi wa nailoni wa kilo 8 ukamaliza sehemu kubwa ya zilizobaki.

Kujaza mshipi, nyumbani

Mahali petu pana majina mawili. Cato Manor ni kwa ajili ya George Cato, aliyekuwa meya wa kwanza wa Durban mwaka 1854. Wenyeji husema uMkhumbane, jina la kijito kinachopita bondeni. Kijito hicho huingia mto uMbilo, na uMbilo huingia kwenye ghuba ya bandari. Kwa hiyo hata sisi tunaolala chini ya kilima cha chuo, mbali na bahari, maji ya bondeni kwetu yanaelekea kwa samaki.

Tulijaza mshipi uani. Mkitaka kufanya vizuri, fanyeni hivi. Laza kidonge kipya cha mshipi chini, lebo ikitazama juu. Pitisha mshipi kwenye pete ya kwanza ya fimbo, fungua upinde wa waya, funga mshipi kwenye bobini, funga upinde, kisha zungusha mara ishirini huku mwenzako akiubana mshipi kwa kitambaa chenye unyevu. Simama. Legeza kidogo. Mshipi ukianza kujisokota kama mkia wa nguruwe, pindua kidonge, lebo itazame chini. Ukitulia, endelea.

Simamisha kujaza ukibakiza milimita mbili hivi kabla ya ukingo wa bobini. Ukijaza mpaka pomoni, mshipi utamwagika wenyewe na kufanya vifundo. Ukijaza kidogo, utakuwa unasugua ukingo kila unaporusha na chubwi litaangukia miguuni pako.

Kisha tukaenda kwenye kiwanja cha majani kufanya mazoezi, chubwi bila ndoana. Rusha hivi: kunja mpaka chubwi lining'inie nusu mita kutoka ncha ya fimbo, ushike mshipi kwa kidole cha shahada, uubane kwenye fimbo, fungua upinde, peleka fimbo nyuma, irudishe mbele kwa mkono mmoja usiositasita, fimbo inapotazama mbele na juu kidogo, achia kidole. Ukiachia mapema, chubwi linapaa mawinguni. Ukichelewa, linagonga ardhi mbele yako. Chubwi likitua, funga upinde kwa mkono, usizungushe mashine ili ujifunge wenyewe. Ni dogo hilo, lakini ndilo linalozuia vifundo vingi na kuutunza upinde.

Watoto wa mtaa walikusanyika wakahesabu hatua. Gogo wa nyumba ya pili akasimama kwenye uzio akatuuliza kwa Kizulu: “Nidobani?” Mnavua nini hapo? Wote tukacheka, kwa kuwa tulikuwa tunavua majani. Lakini mjomba hakucheka, alishtuka. “Kudoba? Hata huku wanasema hivyo?” Kwao Fizi kuvua kwa ndoana ni kuloba. Kizulu ni ukudoba. Na sisi tunaosema kuvua bado tumelificha neno hilo hilo ndani ya ndoana yetu, maana limetoka kwenye mzizi mmoja wa Kibantu. Walimu wetu wa isimu watatusahihisha tukikosea, ila jioni ile mjomba alizungumza na gogo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi, kila mmoja kwa lugha yake, juu ya samaki.

Blue Lagoon

Ilikuwa Julai, majira ambapo samaki anayeitwa shad huja kwetu akiwafuata sadini wanaopanda kutoka kusini. Kibali cha kuvua mjomba alikuwa nacho. Sheria ya shad anaijua kwa moyo: asipungue sentimita 30, wasizidi wanne kwa mtu kwa siku, na Oktoba na Novemba haruhusiwi kabisa. Amechora alama ya sentimita 30 kwenye fimbo yake kwa kalamu ya wino.

Kufikia magharibi alikuwa ameshapata wawili, wote halali. Alikuwa anarusha vizuri kutushinda sisi wote. Kisha fimbo ikainama kwa namna ambayo hatujawahi kuiona. Mjomba akasimama wima. Tukapiga kelele. Sekunde tatu, labda nne, kisha ukasikika mlio kama wa kamba ya gitaa, na fimbo ikanyooka.

Hatukumwona samaki yule. Alikwenda na ndoana, waya, chubwi, na sehemu kubwa ya nailoni ya kilo 8. Mjomba akaukunja mshipi uliobaki polepole. Akatuambia, bila hasira: “Mashini yenu inakokota mpaka inakata.” Tulitazama kile kifundo. Kilikuwa kimekazwa hadi mwisho. Alikikaza yeye, kwa sababu tulimwambia ukikaza kinakokota zaidi, na yeye alitaka kumkokota samaki.

Hatua chache kutoka kwetu alikuwepo mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, na tuliambiwa baadaye kwamba anavua pale tangu utoto wake. Alikuwa ameona yote. Akaja, akaomba mashine kwa mkono, akakilegeza kifundo, akavuta mshipi kwa vidole. Bobini ikazunguka ikilia tik-tik-tik, mshipi ukatoka. Akakaza kidogo, akavuta tena: ukatoka kwa shida. Kisha akamtazama mjomba, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama ameshika usukani wa baiskeli, akakunja vidole.

Mjomba akapiga paja. “Freni! Ni freni! Sasa mbona hamkusema ni freni?”

Huko Kongo breki huitwa freni, kutoka Kifaransa. Mzee mmoja na mjomba hawakuwa na lugha hata moja ya kushirikiana, na walielewana kwa kukunja vidole. Sisi tulikuwa na lugha zote mbili na tulishindwa.

Tuliporudi kwenye teksi mjomba alituambia jambo ambalo tulipaswa kulijua tangu mwanzo. Ziwani, samaki mkubwa akikimbia, humshikilii. Unampa mshipi. Unauacha upite kwenye kidole ukiubana kidogo, achoke yeye, usichoke wewe. Anapopumzika, unavuta. “Ile freni njo kidole yangu,” akasema. Alikuwa anaijua kazi ya breki kuliko sisi na muuzaji pamoja. Tulichomnyima ni neno la kuiunganisha na kile alichokijua.

Breki: yote tuliyopaswa kumwambia

Breki si ya kumvuta samaki. Breki ni ya kuuachia mshipi utoke kabla haujakatika. Ndiyo sehemu muhimu kuliko zote kwenye mashine, na dukani ndiyo ya kujaribiwa kwanza: legeza, vuta mshipi, usikie kama unaanza kutoka kwa ulaini. Ikishtuka kwanza ndipo itoe, iache hapo dukani, kwani kwenye ule mshtuko ndipo mshipi unapokatika.

Kiasi cha kukaza ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 8, basi breki ianze kuachia kwenye kilo 2 hadi 2.7 hivi. Huna mizani? Jaza maji chupa ya soda ya lita mbili. Lita mbili za maji ni kilo mbili. Ifunge kwenye mshipi, ishike mashine juu, chupa ining'inie moja kwa moja chini ya mashine. Legeza breki mpaka chupa ianze kushuka polepole, kisha kaza kidogo isimame. Hapo umefika. Fanya hivyo nyumbani, si mtoni gizani.

Samaki akiwa anakimbia na breki inalia, usizungushe mkono. Hili hatukuliamini mpaka tulipolijaribu. Mshipi unatoka huku kichwa cha mashine kinazunguka bure, na kila mzunguko wake unaingiza msokoto mmoja kwenye mshipi. Kwa gia ya tano, ukizungusha mkono mara kumi umeingiza misokoto hamsini, na kesho mshipi wako utakuwa nywele za kipilipili. Mwache akimbie. Anaposimama, inua fimbo taratibu, fimbo ndiyo inayovuta. Kisha ishushe huku ukizungusha, mashine inakusanya tu ulichopata. Inua, shusha ukikunja, inua, shusha ukikunja. Usimpe nafasi ya mshipi kulegea.

Usikiguse kifundo kwa hofu samaki akiwa mshipini. Ikibidi, robo ya mzunguko, basi. Tena kumbuka kwamba bobini inavyopungua mshipi, breki inakuwa nzito yenyewe ingawa hujaigusa. Samaki akishachukua mshipi mwingi, ni kulegeza, wala si kukaza.

Kuosha

Chumvi ndiyo adui wa kudumu. Ukirudi, kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye visahani vyake, nyunyizia mashine maji baridi yasiyo na chumvi kwa wepesi kama unamwagilia mchicha, usielekeze mpira wa maji wenye nguvu, maana utaisukuma chumvi ndani kwenye gia. Futa kwa kitambaa, acha ikauke kivulini. Tone moja la mafuta kwenye kigurudumu cha mshipi na kwenye mkono. Kisha legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi, visahani visikae vimebanwa wiki nzima. Mashine ya randi 650 ikioshwa itamzika ya randi 3000 isiyooshwa.

Tulichojifunza

Tulichanga randi kumi kumi tukamnunulia mjomba mshipi mwingine. Aliukubali, lakini si bila somo. Alituketisha uani, akatuambia: “Siku nyingine, kama neno hamulijui, semeni hamulijui. Mimi nitauliza kile kitu kinafanya nini.”

Tumeliwaza sana hilo. Wengi wetu tumeshakaa kwenye kiti kile cha ukalimani tangu tukiwa na miaka minane: kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwenye dirisha la ofisi, mama akisubiri tuseme. Tumezoea kujibu haraka kwa sababu wakubwa wanatutegemea, na kunyamaza kunaonekana kama kutojua lugha ya nyumbani. Pale dukani tulitafsiri neno bila kuuliza kazi ya kitu, na neno la Kiingereza lilipokuwa na sura ya kukokota, tukalivaa hilo hilo. Safari hii gharama ilikuwa samaki mmoja na mita kadhaa za nailoni. Ingeweza kuwa dawa.

Ndiyo maana tumeamua kwamba kuanzia toleo hili, kila kitu tutakachokileta kwenye safu hii kitajibu swali la mjomba kabla ya swali la jina: kinafanya nini?

Maneno ya kubeba: mshipi ni uzi wa kuvulia, chubwi ni uzito wa kuuzamisha, ndoana mnaijua, chambo ni chakula cha kumvutia samaki, bobini ni kile kinachobeba mshipi, sawa na ya cherehani, upinde ni waya unaofunguliwa wakati wa kurusha, breki, au freni, ni kile kinachouachia mshipi kwa kipimo. Kama kwenu Lamu, Kigoma, Bujumbura au Muscat kuna majina mengine, tuandikieni. Hasa jina la breki. Mjomba anataka kujua, na amesema samaki atakayefuata ataonjwa na atakayeleta jina zuri zaidi.

Toleo lijalo ni zamu ya jiko la mkaa na makoo yake yote. Tukutane hapo, tukijaliwa.